Mshindi Hushinda kwa Shauri Lake, au kwa Kosa la Mwenziwe?



Mazungumzo ya leo ni juu ya michezo ya ubao, lakini msidhani ya kuwa ni maneno ya kupitisha wakati tu. Kila mahali panapochezwa drafti au bao, iwe ni sokoni Sumbawanga, iwe ni kivulini Namanyere au Laela, huzuka ugomvi mmoja mara mchezo unapokwisha. Aliyeshinda husema, "Nimekushinda kwa akili." Aliyeshindwa hujibu, "Hukunishinda wewe, nimejishinda mwenyewe. Ningaliiona ile kete yako, ungalikiona cha mtema kuni." Watu waliowazunguka hucheka, wengine wakashika upande huu na wengine upande ule, na vifuniko vya chupa hupangwa tena upya.

Ni yupi kati yao asemaye kweli? Swali hili si dogo kwa kijana anayejifunza. Aaminiye ya kuwa kushinda ni kungojea kosa la mwenziwe, basi yeye ni kama mvuvi akaaye ufukoni akitazamia samaki aruke mwenyewe hata kikapuni. Naye aaminiye ya kuwa ushindi wote watoka katika shauri lake, hulikazia macho shauri hilo hata asiuone mlango ulioachwa wazi mbele yake. Wote wawili hucheza miaka mingi wasiendelee. Ndiyo sababu twataka kulichungua jambo hili polepole.

Tuanze na sataranji, kwa kuwa ndio mchezo ulioandikiwa vitabu vingi kupita michezo yote ya ubao. Asili yake ni Bara Hindi. Waajemi waliupokea, kisha Waarabu, na jina tulitumialo katika Kiswahili latokana na Kiarabu. Ubao wake una nyumba 64, na kila mchezaji ana watu 16: mfalme, malkia, ngome 2, maaskofu 2, farasi 2 na askari 8. Mwisho wa mchezo ni kumfunga mfalme wa adui hata asiwe na pa kukimbilia. Hakuna dadu ya kutupa, wala karata ya kufichwa. Yote yako wazi mbele ya macho ya wote wawili. Kwa hiyo ashindwaye hawezi kuisingizia bahati. Jambo hilo lafanana na drafti na bao, na kwa sababu hiyo twaweza kuizungumza michezo hii mitatu pamoja.

Sasa sikilizeni ushahidi wa kwanza, nao ni wa upande wa yule aliyeshindwa. Katika nchi ya Kanada, kwenye Chuo Kikuu cha Alberta, bwana mmoja aitwaye Jonathan Schaeffer na wenzake walianza mwaka 1989 kuichungua dama ya namna ya Kiingereza kwa mashine za kuhesabu. Kazi hiyo iliwachukua miaka 18. Mwaka 2007 walitangaza ya kuwa imekwisha, nao wakathibitisha neno hili: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja, tangu mwanzo hata mwisho, watatoka sare. (Dama hiyo si sawasawa na drafti ya kwetu, maana kingi wake huenda hatua moja moja, hali kingi wetu huuvuka ubao mzima kama mwewe, lakini ni ndugu moja.) Tafakarini maana yake. Ikiwa wasiokosea hutoka sare, basi kila mtu aliyepata kushinda katika dama hiyo, tangu ilipoanza kuchezwa, alishinda kwa sababu mwenziwe alikosea mahali fulani.

Katika sataranji haujatolewa uthibitisho wa namna hiyo, kwa kuwa ni pana mno, ila mambo yaliyotukia kati ya mabingwa yaelekea huko huko. Mwaka 1927, mjini Buenos Aires, Alexander Alekhine wa Urusi alimpokonya ubingwa wa dunia José Raúl Capablanca wa Cuba. Walicheza michezo 34. Alekhine alishinda 6, Capablanca 3, na 25 yote ilikuwa sare. Mwaka 2018 mjini London yalitokea ya ajabu zaidi: Magnus Carlsen wa Norwe na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza michezo 12 ya kushindania ubingwa, na yote 12 ikatoka sare. Hapakuwa na mshindi hata mmoja. Ndipo walipopewa michezo ya haraka, yenye dakika chache za kufikiri, na Carlsen akashinda mitatu mfululizo. Watu ni wale wale, ubao ni ule ule, na elimu ni ile ile. Kilichopungua ni wakati. Wakati ulipopungua makosa yalikuja, na makosa yalipokuja mshindi alipatikana.

Basi, huyu aliyeshindwa pale sokoni ana haki yake. Ni kweli, amejishinda. Lakini asifurahi bado, kwa kuwa haki hiyo ni nusu tu.

Nusu ya pili ni hii: kosa halidondoki lenyewe kama tunda bivu. Mara nyingi latafutwa, lasukumwa, labanwa hata litoke. Tena, kosa tulionalo mara nyingi silo kosa lenyewe. Wachezaji wa drafti wanalijua jambo hili vizuri, hata kama hawajapata kulieleza kwa maneno. Sheria ya drafti ni kwamba kula ni lazima. Mchezaji hodari humlisha mwenziwe kete moja, na huyo hana budi kuila. Akisha kula, njia imefunguka, naye huliwa tatu kwa mpigo mmoja na kingi akaingia. Watazamaji husema, "Amekosea, amekula chambo." La, hakukosea pale! Pale hakuwa na hiari, sheria ilimkamata mkono. Kosa lake lilikuwa zamani, zamu nne au tano nyuma, aliposogeza kete ya pembeni bila ya haja na kuacha nafasi mbili wazi nyuma yake. Wakati ule hapana aliyecheka, kwa kuwa hapana aliyeona, ila mtu mmoja tu aliyekuwa ameketi upande wa pili wa ubao.

Mkulima wa Ufipa hahitaji maelezo mengi juu ya jambo hili. Juu ya uwanda wetu, katika baridi ya mahali palipo na urefu wa kadiri ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, watu wamezoea tangu kale kulima kwa ntumba. Mvua zikiwa bado zanyesha, majani hukatwa na kukusanywa, na udongo hupinduliwa juu yake, pakafanyika vilima vidogo vya mviringo. Ndani yake majani huoza. Maharage yaweza kupandwa juu yake. Kisha mvua za mwaka ufuatao zikianza, vilima husambazwa, na ulezi au mahindi hupandwa katika udongo ulionona. Sasa mtu akivuna haba, jirani zake watalitazama shamba la mwaka huu, na kumbe kosa ni la mwaka jana, siku ile alipoona uvivu kupindua majani. Ndivyo ilivyo katika ubao. Pale tunapoliona kosa ni pale lilipotokeza kichwa tu.

Sasa tuje kwenye bao. Nami nakiri kwamba nalipenda kupita sataranji, kwa sababu laonyesha vizuri zaidi jinsi shauri na kosa vinavyokaa nyumba moja. Bao la Kiswahili, lichezwalo Unguja na Pwani yote, nalo limeingia bara kwa njia za wasafiri, lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64, kila mchezaji 32. Ni mchezo uliopata heshima hata kwa washairi: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga shairi juu yake. Mwanzoni kila mchezaji huweka kete 10 tu: 6 katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na 2 katika kila moja la mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizosalia hubaki mkononi, naye huzitia moja moja kila zamu. Hiyo ndiyo kunamua. Zikiisha mkononi, huingia mtaji, na hapo huchezwa zilizo ubaoni tu. Hushinda yule aliyemaliza kete zote za safu ya mbele ya mwenziwe, au aliyemwacha asiwe na la kucheza.

Watu wasiolijua bao hudhani ni hesabu tu. Kweli, hesabu ipo, nayo ni ngumu kweli kweli, kwa maana zamu moja yaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, kula, kugawa, kula tena, hata mashimo yote yakawa si yale yaliyokuwapo. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Unguja, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya mipaka ya akili ya mtu katika mchezo huu. Lakini bingwa hahesabu kila kitu. Ana mambo anayoyalinda na mambo anayoyawinda. La kwanza ni nyumba yake. Kete zikirundikana humo, ni akiba na ni silaha: ana hiari ya kuziacha zilale, au kusafiri nazo siku atakayoona yafaa. Anayesafiri mapema kwa uchu wa kula kete tatu au nne, ametumia mbegu kwa chakula. Anayechelewa mno, adui humlia nyumba yote kwa mkono mmoja. Hapo sasa, je, ni shauri au ni kosa? Siku ya kusafiri ikichaguliwa vema twaiita shauri. Ikichaguliwa vibaya twaiita kosa. Tendo ni moja.

Na kuna jambo jingine, liitwalo kutakasia. Mchezaji asiye na cha kula hutakasa, yaani hugawa kete zake bila ya kula. Ikiwa naye adui hana cha kula, na liko shimo lake moja tu lililo hatarini kuliwa zamu ifuatayo, sheria humkataza kulihamisha shimo hilo. Huwa kama mtu anayeiona mvua yaja na nafaka yake imeanikwa uani, naye mikono imefungwa. Atacheza kwingine, atakalolicheza ni baya, na kete zake zitaliwa. Mkimtazama kwa juu mtasema ya kuwa amecheza vibaya zamu tatu mfululizo. Kwa kweli alichezeshwa. Bingwa wa bao hamwombei mwenziwe akosee. Humpunguzia njia moja baada ya moja, hata njia zote zilizobaki ziwe makosa.

Nadhani maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Shauri na kosa si ndugu wawili wanaogombania urithi. Shauri ni kazi ya kumtia mwenzio mahali ambapo ni vigumu kutokosea. Wilhelm Steinitz, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji mwaka 1886, alifundisha neno lililo karibu na hilo: ya kuwa mtu hana haki ya kushambulia kabla mwenziwe hajalegea mahali, na ya kuwa kazi ya mchezaji ni kukusanya faida ndogo ndogo, leo askari mmoja wa adui amebaki peke yake, kesho njia moja ya ngome imefunguka, hata ulegevu huo utokee. Zamani za kabla yake watu walipenda kuruka mbele kwa upanga uliochomolewa. Wengine walimwona Steinitz kuwa mchezaji wa kuchosha. Lakini waliomfuata wote wamepita katika njia yake.

Hata hivyo, mambo ya duniani si laini hivyo, nasi tusidanganyane. Yako makosa yasiyosukumwa na mtu yeyote. Mwaka 1892, mjini Havana, Steinitz huyo huyo alikuwa akiutetea ubingwa wake mbele ya Mrusi Mikhail Chigorin. Katika mchezo wa 23 Chigorin alikuwa mbele. Alikuwa na mtu mmoja zaidi, na kama angalishinda wangalilingana. Alikuwa na askofu mmoja aliyekaa pale pale akimlinda mfalme asivamiwe na ngome mbili za Steinitz. Chigorin akamwondoa askofu yule. Basi. Ngome ya Steinitz iliingia, na mashindano yote yakaishia papo hapo. Steinitz hakufanya hila yoyote ya kumwondoa askofu mahali pake; kazi yake ilikuwa kuona ya kuwa ameondoka. Je, twamwita mwenye bahati? Mimi nasema alikuwa na ngome mbili zilizokwisha kusimama mahali pazuri, zikitazama upande ule. Asingalikuwa nazo hapo, kosa la Chigorin lisingalikuwa kosa.

Kuona peke yake si jambo jepesi, hata kwa walio juu kabisa. Mwezi wa Novemba mwaka 2014, mjini Sochi katika Urusi, Carlsen alikuwa akicheza mchezo wa 6 na Viswanathan Anand wa Uhindi, aliyekuwa bingwa kabla yake. Carlsen alimsogeza mfalme wake mahali pabaya. Farasi wa Anand aliweza kuruka, akala askari mmoja kwa hila fupi, na mambo yangaligeuka. Carlsen aliona mara tu alipokwisha kuuachia mfalme, lakini ilimpasa akae kimya asibadili uso. Anand alifikiri kidogo tu, akasukuma askari wake wa upande mwingine wa ubao. Hakuona. Alikuwa ametulia katika shauri lake mwenyewe, naye hakutazamia mtu kama Carlsen kukosea namna ile. Carlsen alishinda mchezo huo. Yaani makosa yalikuwa mawili, na la kwanza lilifutika kwa sababu halikuokotwa.

Kwa habari ya makosa yasiyookotwa hatuna haja ya kwenda mbali hata Urusi. Tushuke tu kutoka uwandani mpaka Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Wadachi, yaani Wajerumani, walijenga boma lao wakaliita Bismarckburg. Vita ya 1914 ilipoanza, Wadachi ndio waliokuwa na nguvu ziwani. Waliiharibu meli ya Wabelgiji upande wa Kongo, na tangu hapo meli zao zilikwenda zitakako. Ndipo Waingereza waliposhika shauri ambalo wengi waliliona la kichaa: kuleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka ziwani. Zilisafiri kwa meli hata Cape Town, kwa gari la moshi hata Kongo, kisha zikakokotwa na mashine za moshi na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, katika njia iliyofyekwa na mikono ya Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Zilifika ziwani mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1915. Hilo lilikuwa shauri, nalo liliwachukua miezi mingi kabla ya risasi moja kupigwa.

Kisha lilikuja kosa. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wadachi, Kingani, ilikaribia pwani ya Wabelgiji kupeleleza. Mzinga wake uliweza kupiga upande wa mbele tu. Mashua zile zilitokea nyuma yake, na vita vikaisha kwa dakika chache. Kingani ikatekwa, ikapewa jina jipya, Fifi. Wadachi hawakujua vema yaliyoipata, wakatuma nyingine, Hedwig von Wissmann, kutafuta habari. Nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Mkiuliza meli hizo zilishindwa kwa shauri au kwa kosa, jibu ni kwamba bila ya zile mashua kuvushwa milimani, kukaribia pwani kusingalikuwa kosa hata kidogo. Kingani ilikuwa ikifanya vile siku zote. Shauri ndilo lililoligeuza zoea kuwa kosa.

Sasa ya Kasanga. Mwezi wa Juni 1916 jeshi la Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Kanali Murray, lilikuwa likiliendea boma kwa nchi kavu. Wadachi waliokuwamo walikuwa wamebanwa: mbele yao adui, nyuma yao ziwa. Njia yao ilikuwa moja tu, nayo ni majini. Mkuu wa mashua za Kiingereza, Spicer-Simson, alifika mbele ya boma tarehe 5 Juni, akaitazama mizinga, akaogopea mashua zake, akaondoka. Vyombo vya Wadachi vilikuwa pale pale bandarini. Basi walijipakia usiku na kwenda zao, na tarehe 8 Juni askari wa Murray walipoingia bomani walikuta wenyewe hawapo. Askari wa nchi kavu walikasirika mno. Spicer-Simson, aliyesifiwa kwa mambo ya Desemba na Februari, safari hii aliletewa ushindi mkononi akauacha. Kwa haki yake, mashua zilikuwa za mbao, na mzinga wa kweli ungeweza kuzivunja kama sanduku la sabuni. Lakini hata kulinda mlango wa bandari usiku, kwa mbali, hakukufanyika.

(Kando ya habari hiyo: meli yao kubwa, Graf von Goetzen, Wadachi waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916. Mafundi wake walizipaka mashine mafuta mazito kabla ya kuizamisha. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikasafiri ziwani kwa jina la Liemba, kwa miaka mingi kuliko umri wa watu wengi wanaosoma haya. Walioshindwa mchezo ndio waliopanga mbali kupita wote.)

Yasalia swali la mwanafunzi: jicho la kuona kosa lapatikanaje? Watu wa elimu wamelichungua. Adriaan de Groot, Mholanzi, katika kitabu alichotoa mwaka 1946, aliwauliza wachezaji wa sataranji waseme kwa sauti yale wanayoyafikiri. Watu walitazamia ya kuwa mabingwa huhesabu mbali sana kuliko wengine. Haikuwa hivyo, tofauti ilikuwa ndogo. Mabingwa waliiona njia njema mapema, kabla hawajahesabu. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha watu ubao kwa muda wa sekunde 5, wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Ubao ulipotoka katika mchezo wa kweli, bingwa aliipanga sehemu yake kubwa, na mwanafunzi akakumbuka watu wachache tu. Lakini watu walipotawanywa ovyo, bila maana, bingwa hakuwa bora kuliko mwanafunzi. Kwa hiyo jicho la bingwa si jicho kali kwa asili yake. Limezoea sura za ubao, kama mchungaji ajuavyo ya kuwa ng'ombe mmoja amekosekana kabla hajawahesabu.

Twawaona hata jirani zetu. Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, kwa mwalimu Robert Katende. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika mashindano makubwa ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 alipata cheo cha kimataifa mjini Istanbul. Na ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, Amon Simutowe wa Zambia alipata mwaka 2009 cheo cha juu kabisa cha mchezo huo. Mtoto aanzaye kwa kuwashinda wenziwe mtaani huwashinda kwa makosa yao. Akifika mbele ya wale wasioacha askari bure, ndipo aonapo haja ya shauri.

Wafipa wenyewe wanayo habari ya kale ihusuyo mambo haya, nayo imeandikwa pia na Roy Willis, Mwingereza aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960. Wazee husimulia ya kuwa mfalme wa Milansi alikuwa porini akiwinda, na kiti chake kimebaki nyumbani. Wakatokea wanawake wageni, wa ukoo wa Twa, na kabla mwenyewe hajarudi kiti kikawa kimepata mwenye kukikalia. Mfalme aliporudi hakuweza kuubadili mambo yaliyokwisha kuwa. Utawala wa nchi ukawa wa Twa, na Milansi ikabaki na kijiji chake na heshima yake ya ukale. Wako wanaoisimulia kama habari ya kosa la nyumbani, kuwaachia wageni kiti. Wengine wanaiona ni habari ya werevu wa wageni. Nimeona watu wenye busara wakibishana juu ya hilo kama wachezaji wa drafti.

Kwa mwanafunzi anayetaka kujaribu, liko zoezi moja lisilo na gharama. Ukishindwa katika drafti, usipange kete upya. Mwombe mwenzio mrudishe mchezo nyuma, zamu moja moja, kadiri mnavyokumbuka, na kila mnaporudi ujiulize: "Hapa nilikuwa na njia nyingine?" Mkifika mahali ambapo kulikuwa na njia mbili, na uliyoiacha ilikuwa njema, hapo ndipo uliposhindwa, hata kama kete zenu zilikuwa bado sawa. Andika katika daftari zilivyokaa. Kisha mgeuze ubao, mwenzio akae upande wako nawe upande wake, mwendelee kutoka hapo, ujaribu kama wewe ungaliliona.